Orodha ya Avenyu Yetu

Niliandika barua tisa za kuomba nafasi ya mastera, zote kwa chuo kimoja, na sikutuma hata moja. Nalisema hili mapema kwa sababu wanaonijua hudhani kwamba vita ndiyo iliyoninyima nafasi ile. Vita ilikuja, ni kweli. Lakini ilinikuta bado narekebisha aya ya kwanza ya barua ya tisa, na mlango wa kuomba ulikuwa umekaa wazi wiki saba.

Nilitaka kusoma utambulisho wa kitamaduni. Najua somo hilo linavyosikika masikioni mwa watu wa kwetu. Baba yangu ni Munande wa Butembo, anauza maharage kati ya kule na Goma, tunakoishi. Nilipomwambia kwa simu aliniomba nirudie, akidhani rezo, mtandao wa simu, ndiyo mbaya. Kisha akauliza, bila kejeli yoyote: "Sasa mutu akimaliza kusoma hiyo, anafanyaka nini asubuhi?"

  Ninachokijua ni pale hamu ilipoanzia: Sake, mwaka ule mlima wa volkano ulipopasuka.

Lava ilisimama kabla ya kufika kwetu, lakini ardhi haikutulia. Ilitetemeka siku baada ya siku, nyufa zikafunguka katikati ya barabara, na asubuhi moja ikatangazwa redioni kwamba sehemu kubwa ya mji ihame mara moja. Tulitembea mpaka Sake, baba akiwa na godoro kichwani, mama na sufuria, mimi na farde, faili ya karatasi zetu za shule na ubatizo. Tukapewa kona ya darasa la shule ya msingi pamoja na familia nyingine sita. Siku ya pili akaja mwanamume mwenye rejista, akipita kona kwa kona. Aliuliza jina, idadi ya watu, na asili.

Baba akasema: "Butembo."

Mama, aliyeketi ubavuni kwake, akasema wakati uleule: "Rutshuru."

Yule mwanamume akainua kalamu. "Muko familia moja ao mbili?"

"Moja," baba akasema.

"Basi muchague."

Darasa zima likacheka. Mama mmoja nyuma yetu, aliyekuwa akinyonyesha, akasema: "Andika Goma, papa. Volkano haikuwauliza wametoka wapi."

"Goma si asili, mama. Goma ni pa kukaa tu," yule mwanamume akajibu.

Akaandika Butembo kwa sababu baba ndiye mkuu wa nyumba. Mama hakubisha. Alikuwa anaitazama ile kalamu, hakumtazama yule mtu usoni. Jioni alizungumza Kinyarwanda kwa sauti ya chini na wanawake wa kona ya pili, na baba akazungumza Kinande na mfanyabiashara mwenzake aliyemkuta uani. Mimi naelewa lugha zote mbili na sizungumzi hata moja, kwa kuwa nikikosea watu hucheka, na kuchekwa siwezi. Nilikaa kwenye godoro katikati yao nikimsikiliza kila mmoja akiwa mtu mwingine, na nikataka kujua somo linaloshughulika na jambo kama lile linaitwaje.

Ilinichukua karibu mwaka kulijua jina lake. Chuoni nilisoma usimamizi wa biashara, kama baba alivyotaka, na nikamaliza na alama nzuri. Somo langu lenyewe nilijifundisha mwenyewe. Niliamka mapema, kabla mtaa haujaanza kuvuta rezo, nikashusha masomo ya bure kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nilinakili maana za maneno kwenye daftari kwa kalamu ya bluu, na nikikosea neno moja nilichana ukurasa mzima na kuanza upya. Daftari la kurasa mia likabaki jembamba kama kitabu cha nyimbo. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia kwamba huku si kusoma. Niliona kwamba ninajitahidi.

Nilipoanza kutafuta pa kuendelea nilichora jedwali la vyuo, kwa rula. Chuo cha kwanza, cha nchi jirani, kilifundisha mila na urithi, lakini kilitaka barua ya profesa wa fani hiyohiyo, na maprofesa niliokuwa nao walinifundisha hesabu za maduka. Cha pili kilikuwa Ulaya, kuhusu wahamiaji na utambulisho, na kilitaka mtihani wa lugha unaofanyiwa mji mkuu. Cha tatu kilikuwa mbali pia, ila masomo yake ya mwaka wa kwanza yalikuwa kwa njia ya mtandao. Hicho kilitaka vitu viwili tu: barua binafsi na kazi ndogo ya uwanjani. Maelekezo yalisema: chagua kundi dogo la watu unaoishi nao, uonyeshe wanavyojieleza wao wenyewe.

Niliisoma sentensi ile nikaona imeandikwa kwa ajili ya avenyu yetu.

Avenyu yetu ina nyumba ishirini na nne, nyingi za mbao, zimeketi juu ya lava ya zamani. Niliingia zote. Watu walinipokea vizuri kwa sababu nilikulia pale, na kwa sababu hakuna anayekataa kusimulia alikotoka akiulizwa na mtu mwenye kiti na subira. Nikatengeneza jedwali lingine, safari hii kwenye kompyuta ya chuo changu cha zamani: jina la mkuu wa nyumba, lugha ya nyumbani, lugha ya sokoni, mahali anaposema ni kwao, na mwisho safu pana niliyoiita Maelezo. Masomo yangu yote yalisema majina ya watu yafichwe. Nilijua. Nilikuwa nimepanga kuyabadilisha kuwa namba siku ya mwisho, kila kitu kikishakuwa sahihi, kwa maana niliogopa nikianza na namba nitachanganya mistari. Haki ya watu niliiacha iwe kazi ya mwisho, kama kupiga pasi.

Nyumba ya nne kutoka kwetu anakaa fundi cherehani. Mashine yake iko barazani, na kila aliyepita alipata neno lake. Mimi alikuwa ananiita Prof.

"Prof, unakuja kutupima tena?"

"Swali moja tu, papa."

"Swali yako moja iko na watoto. Ikaa."

Watu wote wanamjua kuwa Muhunde wa Masisi, aliyeshuka Goma akiwa kijana wakati wa vita vya zamani. Ndivyo alivyoniambia mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu hata sikumuuliza. Alikuwa anashona sare ya kwaya, miguu ikikanyaga, macho kwenye sindano, akaanza kunieleza habari za mama yake. Mama huyo hakuwa Muhunde. Alikuwa mutu wa Kinyarwanda, wa kilima cha pili, na siku walipokimbia baba yake alimwambia yeye, mwanawe, asiimbe tena zile nyimbo za mama njiani. Hakuziimba tena. Watoto wake hawajui. Wakwe zake hawajui.

Akakata uzi kwa meno. "Hiyo ni yako na mimi, Prof."

"Ndiyo, papa."

Nikarudi nyumbani nikaiandika kwenye Maelezo, sentensi nne, nadhifu. Ndiyo ilikuwa habari bora kuliko zote nilizopata, na niliona jedwali bila hiyo lingekuwa pungufu. Sijui namna nyingine ya kulieleza jambo hili.

Kisha nikataka kuliona jedwali kwenye karatasi. Kwenye kona kuna mama mwenye kompyuta mbili na mashine ya kuchapisha. Nakala ya kwanza ilikata herufi za pembeni kulia. Ya pili ilitoka hafifu. Ya tatu iligawanya mstari wa nyumba ya nne kwenye kurasa mbili, nikaona aibu kana kwamba nimemgawanya fundi mwenyewe. Ya nne ilikuwa safi. Nikaichukua, nikaacha zile tatu kwenye rundo la karatasi zilizoharibika.

Kila mtu wa Goma anajua zinakokwenda karatasi zilizoharibika. Mama wa karanga huja kuzichukua, anazikata katikati, anazikunja koni. Mimi mwenyewe nimekula karanga kwenye mitihani ya watu, kwenye matangazo ya ndoa, hata kwenye wito wa mahakama, nikisoma huku natafuna. Nilijua. Lakini siku ile nilikuwa nafikiria pambizo.

Wiki zile milio ya silaha ilikuwa bado mbali. Kisha ikawa Sake, kisha upande wa Lac Vert, na wakimbizi waliokuwa kambini wakaanza kuingia mjini na maturubai yao mgongoni. Baba alikuwa Butembo, barabara ikafungwa, akabaki kule. Kwenye avenyu watu waliacha kusalimiana kwa lugha za nyumbani. Kiswahili tu, na kwa sauti ya kusikika. Mimi nilikuwa kwenye barua ya tisa.

Fundi alikuja alasiri moja. Mama alikuwa anachagua maharage kwenye sinia. Fundi akabisha hodi, akaketi, akauliza habari za baba, akajibiwa. Kisha akatoa mfukoni mwa shati kipande cha karatasi chenye mafuta na maganda mekundu ya karanga, akakinyoosha gotini.

"Mama watoto alinunua karanga," akasema. "Yeye alikula karanga. Mimi nikasoma sahani."

"Ni nini?" mama akauliza.

"Uliza Prof."

Nilizitambua herufi zilizokatwa upande wa kulia. Mama akaweka sinia chini, akachukua kile kipande, akasoma kwa kidole, polepole, jina baada ya jina, na lugha ya kila jina, na kwao kila jina. Alipofika mstari wa nyumba ya nne kidole kilisimama. Akamtazama fundi. Fundi akatazama mlango.

"Hii ni lisiti," mama akasema, yaani orodha.

"Hapana, mama. Ni jedwali. Ni ya masomo."

"Ni lisiti ya batu."

"Chuo ndiyo iliomba..."

"Mutoto wangu. Wakiingia hapa na kuikuta, watauliza chuo gani?"

Hakusema akina nani. Wangeweza kuwa wale wapiganaji waliokuwa wanakuja, au wale ambao siku moja wangekuja kuwaondoa hao. Mama ameishi muda mrefu wa kutosha kuwaogopa wote kwa kipimo kimoja.

Fundi akaniambia: "Nilisema ni yako na mimi."

"Ndiyo, papa."

"Sasa iko ya mama wa karanga." Akacheka kidogo. Afadhali angenipiga.

Nakala tatu, kurasa mbili kila moja, kila ukurasa umekatwa nusu kwa nusu: vipande kumi na viwili. Kimoja kilikuwa gotini kwa mama. Nikakimbia kwenye kona. Mama wa kuchapisha alisema amevitoa vyote, si niliviacha mwenyewe? Mama wa karanga alikuwa kando ya barabara na beseni lake, amezungukwa na watu waliokuwa wananunua chakula cha siku za kujifungia. Nilimwomba anifungulie koni zote.

"Unatafuta nini, mademoiselle? Barua ya mupenzi?"

"Karatasi zangu, mama."

"Basi alikuacha vibaya." Waliokuwa pale wakacheka. Lakini alinifungulia, moja moja, akimwaga karanga kwenye kitambaa, akinitazama usoni kila mara kuona kama ndiyo yenyewe. Tulipata vipande vinane.

Vitatu havikuonekana. Mstari wa fundi ulikuwa kwenye kila nakala: mmoja alikuwa ameuleta mwenyewe, mmoja niliupata kwenye beseni, na mmoja ulikuwa mahali fulani mjini, mkononi mwa mtu. Ulikuwa wa nakala ya pili, ile hafifu. Nilikuwa nimeikataa kwa sababu haisomeki vizuri, na sasa nilirudi nyumbani nikiomba isisomeke kabisa.

Mama alikuwa amesimama karibu na imbaula, jiko letu la makaa. Vipande vikaingia. Akanyoosha mkono, nikampa nakala ya nne, ile safi, nayo ikaingia chini ya sufuria ya maharage. Kisha akataka simu. Nilimwomba anisikilize. Nikasema nitaondoa majina, nitaweka namba.

"Bila majina, wewe hautawajua?"

"Mimi nitawajua."

"Basi na wengine watawajua."

Nikajaribu kichwani kumwandika bila jina. Fundi wa nyumba ya nne, kwenye avenyu ya nyumba ishirini na nne. Nilifuta jedwali, nikafuta rekodi za sauti nilizochukua nyumba kwa nyumba, nikafuta barua zote tisa kwa kuwa kila moja ilimtaja, nikafuta na nakala zilizokuwa kwenye barua pepe, wakati rezo bado inapatikana kwa dakika chache chache. Mama aliketi kando yangu mpaka mwisho. Hakunisema. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda kilima.

Siku zilizofuata siwezi kuziandika vizuri, na watu waliofiwa wana haki zaidi ya kuziandika. Tulilala sakafuni, mimi na mama, magodoro yamesimamishwa kwenye ukuta wa mbao. Umeme ulikatika, kisha maji, kisha rezo. Nitakiri jambo moja. Nikiwa sakafuni, uso kwenye saruji, nilikuwa nahesabu tofauti ya saa kati yetu na nchi ya kile chuo ili nijue mlango wa kuomba umefungwa dakika gani. Nilikuwa na aibu, na niliendelea kuhesabu. Ulifungwa alasiri. Nje palikuwa na kimya cha ghafla, na mama akasema labda wameingia.

Walikuwa wameingia.

Rezo iliporudi nilikuta ujumbe wa mratibu wa masomo. Alikuwa amesikia habari za mji wetu. Aliniandikia kwa upole kwamba waliona nimeanza kujaza fomu bila kuimaliza, kwamba wananiongezea wiki moja, kwamba barua inaweza kuwa fupi, hata nusu ukurasa. Kazi ya uwanjani tu ndiyo ambayo hawangeweza kunisamehe. Upole wake ulinimaliza. Kama angenikataa ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Jedwali lote lilikuwa kichwani. Ninakumbuka kila mstari, hata leo, ndivyo nilivyo. Ningeweza kulijenga upya kwa saa mbili. Nilikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu, mama akiwa Kituku kuchota maji ya ziwa kama mji mzima ulivyokuwa ukifanya, nikaenda nyumba ya nne.

Fundi alikuwa anashona mifuko ya kamba mbili, ya kubebea nguo mgongoni. Siku zile hakuna aliyeagiza kitu kingine. Hakuniita Prof. Alisogeza kitambaa, nikaketi.

"Papa, wamenipa wiki moja."

"Nani?"

"Chuo. Nimefuta yote. Lakini kama nikiandika bila jina, bila avenyu, bila Masisi, niseme tu mutu mumoja wa mji..."

"Useme nini?"

"Ile uliniambia."

Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mimi nilikuambia nini?"

"Juu ya mama..."

"Mama yangu ni Muhunde wa Masisi." Alisema kwa sauti iliyozidi nafasi iliyokuwa kati yetu. Mama mmoja alikuwa anapita na bidoni la njano la maji mgongoni, akageuka. "Wewe ulikuja hapa kupima robe yako ya kuvaa. Ilikuwa ndefu. Nikakata chini. Ndiyo tu ile."

Yule mama akatusalimia. Tukamwitikia wote wawili. Fundi alisubiri mpaka akafika mbali, kisha akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananiomba, na mimi sikuzoea kuombwa na mtu mzima.

"Ilikuwa ndefu, ao hapana?"

"Ilikuwa ndefu, papa."

"Haya."

Akaachia gurudumu, miguu ikaanza kukanyaga. Nikaaga, nikatoka.

Nyumbani niliketi mlangoni, mahali rezo inaposhika, nikamwandikia mratibu. Nilimshukuru kwa wiki ile. Nikasema sina kazi ya uwanjani ya kuwasilisha, kwa kuwa watu ninaoishi nao hawakuniambia kitu. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi nikitafuta kosa, sikuliona, nikatuma.